Jinsi ya Kuziona Galaksi Hafifu kwa Darubini Yako: Mwongozo Kamili wa Usiku Mmoja

Maswali ninayoulizwa kuhusu galaksi yanafanana. Mtu amenunua darubini nzuri, ameshaziona pete za Zohali na miezi ya Mshtarii, kisha akasafiri hadi mahali penye giza la kweli kutafuta galaksi. Anaizungusha darubini saa nzima, haoni kitu, anarudi nyumbani akiamini chombo ni kidogo mno au ni kibovu.

Mara nyingi chombo ni kizima. Galaksi ilikuwa ndani ya lenzi, naye akaipita: macho yalikuwa hayajazoea giza, au alitarajia picha ya rangi kama zile za mtandaoni, au alitazama sekunde tano akahamia kwingine. Hatua zikifuatana inavyotakiwa, darubini hiyohiyo yaweza kukuonyesha galaksi zaidi ya kumi kwa usiku mmoja.

Nimeupanga mwongozo huu kwa usiku wa katikati ya Mei, kwa mtu aliye Tanzania au Kenya. Wakati huo makundi ya nyota ya Simba (Leo kwenye ramani), Mashuke (Virgo) na Kantarusi (Centaurus) yote yako juu jioni. Hapa karibu na ikweta tuna bahati ambayo watazamaji wengi duniani hawana. Aliye London haioni kamwe galaksi yetu ya kwanza ya usiku huu, maana haichomozi kwao, na aliye Cape Town anaziona zile za Simba zikiwa zimeinama upande wa kaskazini. Sisi tunazipata zote zikiwa juu, mbali na vumbi la upeo wa macho.

## Vifaa vya kuandaa

Darubini ya kioo yenye kipenyo cha milimita 150 au zaidi. Mifano yangu yote ni ya kioo cha milimita 200 chenye urefu wa fokasi (umbali kutoka kioo hadi pale nuru inapokutana kuwa taswira) wa milimita 1200, kwa sababu ndiyo saizi inayopatikana kwa urahisi na inayobebeka kwenye gari dogo. Kioo hicho hukusanya nuru zaidi ya mara 800 kuliko mboni ya jicho iliyofunguka milimita 7. Mwenye milimita 114 au 130 asikate tamaa: afuate hatua zote hadi ya 7, halafu aone anafika wapi.

Kitako cha Dobson, yaani kile cha mbao kinachozunguka kushoto na kulia, juu na chini. Kwa latitudo zetu nakipendelea kuliko vile vitako vya kulenga ncha ya dunia. Nyota ya kaskazini inayotumika kuvipanga iko kwenye upeo wa macho hapa kwetu au chini yake, na muda mwingi utapotea kwenye marekebisho.

Lenzi za jicho mbili: moja ya milimita 25, nyingine kati ya 10 na 12. Zinatosha kabisa.

Darubini ndogo ya kulengea, ile ya 8×50 inayofungwa ubavuni. Kitundu chenye nukta nyekundu pekee hakitoshi, kwa sababu nyota za kuongozea njia nyingi hazionekani kwa macho matupu.

Ramani ya nyota, ya karatasi ikiwezekana. Programu kama Stellarium ni nzuri, lakini simu ndiyo adui mkubwa wa kazi hii, hata ikiwekwa rangi nyekundu.

Taa nyekundu hafifu. Tochi ndogo iliyofunikwa karatasi nyekundu ya nailoni, tabaka mbili au tatu, inafaa. Ikikuwezesha kusoma ramani bila shida, bado ni kali, ongeza tabaka.

Kaniki au shuka jeusi la kujifunika kichwa. Kiti kinachofikia kimo cha lenzi. Penseli na daftari. Sweta na soksi nzito, kwa sababu nyanda za kati na za juu hupiga baridi usiku hata kama mchana ulikuwa wa jua kali.

Kitu kimoja usinunue: vichujio vinavyouzwa kwa ahadi ya kuondoa mwanga wa mji. Vile vya kupitisha rangi chache husaidia mawingu ya gesi, ambayo nuru yake iko kwenye rangi hizohizo chache. Nuru ya galaksi ni ya nyota, imetawanyika katika rangi zote, hivyo kichujio huiua pamoja na mwanga wa mji. Pesa hiyo itie kwenye mafuta ya gari.

## Hatua ya 1: Chagua usiku na mahali

Mwezi usiwe angani. Chagua usiku ulio karibu na mwezi mwandamo, au ule ambao Mwezi unachomoza baada ya saa 6 za usiku. Hata Mwezi nusu hufuta galaksi zote za mwongozo huu isipokuwa mbili tatu.

Mahali pawe mbali na mji mkubwa, na mji huo usiwe upande wa anga unaoutazama. Kwa Mei, mikoa ya kati ya Tanzania kama Dodoma na Singida inafaa sana, kwa kuwa mvua zake zimekwisha huku pwani na kaskazini masika bado inasumbua. Kwa Kenya, fikiria upande wa Magadi, au kaskazini kuelekea Samburu na Marsabit. Pwani ina giza zuri kwenye vijiji vingi, ila unyevu wa bahari hutandaza utando mweupe angani. Kuanzia Julai tahadhari na moshi wa mashamba na mbuga zinazochomwa. Unaweza kukupotezea nyota nyingi bila wewe kuuona.

Onyo la usalama. Usiende peke yako. Mjulishe mwenyekiti wa kijiji au wazee wa eneo hilo kabla jua halijazama, na ikiwezekana waalike waangalie. Mrija mrefu uliosimamishwa gizani na watu wageni huzua hofu, na hofu ya usiku huleta ugomvi. Usiweke kambi kwenye njia za tembo. Vaa viatu vilivyofunika mguu, kwa ajili ya nge na nyoka.

Utajua umefika penye giza la kutosha ukitazama kusini, pale ilipo Salibu, yaani Msalaba wa Kusini. Kando yake ndani ya Njia Nyeupe kuna doa jeusi la vumbi ambalo kwa Kiingereza huitwa Coalsack, yaani gunia la makaa. Likionekana waziwazi kwa macho matupu, kana kwamba kuna kipande kimekatwa, umefika. Kama Njia Nyeupe yenyewe inaonekana kwa kubahatisha, songa kilomita nyingine kadhaa.

## Hatua ya 2: Maliza kazi za mchana mchana

Weka darubini tayari kabla ya magharibi. Elekeza kwenye kitu cha mbali, kama ncha ya mnara wa simu ulio kilomita mbili au tatu, na ukiweke katikati ya lenzi ya milimita 25. Kisha zungusha skrubu za darubini ya kulengea mpaka ncha ileile ikae kwenye makutano ya nyuzi zake.

Hii ndiyo hatua inayorukwa zaidi, na ndiyo inayoharibu usiku mzima. Duara la anga unaloliona kwenye lenzi ya milimita 25 lina upana wa digrii 1 hivi, sawa na Miezi miwili mipevu iliyopangwa sambamba. Darubini ya kulengea ikipotoka digrii 1 tu, kila unacholenga kiko nje ya duara hilo.

Kagua pia ulinganifu wa vioo, hasa baada ya safari ya barabara mbovu. Chungulia kupitia kifuniko chenye tundu dogo katikati: kioo kidogo, kioo kikubwa na taswira ya jicho lako vyote vikae katikati. Usiku utahakikisha kwa nyota angavu: ukiharibu fokasi kidogo, nyota igeuke duara lenye kivuli katikati kabisa. Kivuli kikiegemea upande, vioo bado vimepinda, na galaksi ndogo zitageuka ukungu usio na kiini.

Onyo: jua likiwa bado juu, usielekeze darubini upande wake hata kwa kupita. Sekunde moja inatosha kupofusha jicho.

## Hatua ya 3: Poza kioo na uyaandae macho

Kioo kilichokaa kwenye gari lililopigwa na jua hutoa joto kwa muda mrefu, na hewa yake ya moto huchezesha taswira. Kiache nje bila kifuniko, kwenye kivuli, dakika 45 hadi saa nzima kabla ya giza.

Macho yanahitaji uangalifu zaidi kuliko kioo. Jicho lina seli za aina mbili. Za katikati ndizo unazosomea na kuonea rangi, na gizani hazifanyi kazi. Zilizo pembeni huona nuru hafifu mno, ila haziwezi mpaka zijaze upya kemikali yao, kazi inayochukua dakika 30 hadi 40 za giza bila kukatizwa. Mboni hufunguka haraka, ndiyo maana watu hudhani baada ya dakika tano wameshazoea. Hawajazoea.

Skrini ya simu ikiwaka mara moja, taa ya gari ya mwenzako mlango ukifunguliwa, kibiriti cha mvuta sigara: vyote hivi hurudisha saa nyuma. Kwa hiyo kubalianeni mapema. Zimeni taa ya ndani ya gari. Anayetaka kupiga simu atembee mbali na ageuze mgongo. Mchana wake vaa miwani ya jua, maana macho yaliyoshinda kwenye jua kali huchelewa kuzoea giza usiku.

Hapa kwetu jua huzama wima na giza huja upesi. Dodoma katikati ya Mei jua linazama saa 12 na nusu hivi jioni, na ikifika saa 2 kasorobo usiku anga limekuwa jeusi kabisa. Dakika hizo zote za machweo zitumie kukaa bila taa.

Dalili ya mafanikio: unaona nyasi na miguu yako kwa nuru ya nyota peke yake, na tochi yako nyekundu inaanza kukuumiza.

## Hatua ya 4: Jua pande ndani ya lenzi

Darubini ya kioo huigeuza taswira juu chini na kushoto kulia. Ramani yako haijageuzwa. Watu wengi huifikia nyota ya kuongozea, kisha wakaondoka kwa upande usio.

Usijaribu kukokotoa kichwani. Acha darubini itulie bila kuigusa na utazame nyota zinavyosogea: upande ambao nyota inatoka nje ya duara ndio magharibi. Upande inakoingilia ni mashariki. Kisha sukuma mdomo wa mrija kidogo kuelekea kaskazini. Nyota mpya zinazoingia zinaingilia upande wa kaskazini wa duara. Geuza ramani mkononi mpaka ifanane na unachokiona. Rudia zoezi hili kila unapohamia sehemu nyingine ya anga, kwa sababu pande hugeuka.

## Hatua ya 5: Anza na galaksi isiyokatisha tamaa

Tunaanza kusini, na NGC 5128, ambayo pia huitwa Centaurus A (NGC, na M utakayoikuta mbele, ni vifupisho vya orodha za vitu vya angani; namba ni ya kitu kwenye orodha). Iko umbali wa miaka ya nuru milioni 12 hadi 13 (mwaka wa nuru ni umbali ambao nuru husafiri kwa mwaka mmoja), na mwangaza wake ni daraja la 6.8. Kumbuka kwamba daraja likipanda namba, nuru inapungua: jicho tupu hukomea karibu na daraja la 6.

Tafuta nyota mbili angavu zinazoelekeza kwenye Salibu, Alpha na Beta Centauri. Kutoka Beta nenda hadi Epsilon Centauri, kisha endelea mbele kwa umbali uleule. Utakuta nyota yenye ukungu, inayoonekana hata kwa macho matupu. Hiyo si nyota moja. Ni Omega Centauri, fundo lenye mamilioni ya nyota. Liweke kwenye lenzi ya milimita 25 na ulitumie kusawazisha fokasi mpaka nyota za pembeni ziwe nukta kali. Galaksi huwezi kuifokasi yenyewe, maana haina ukingo wa kukuongoza. Fokasi kwa nyota, kisha usiguse tena.

Sasa nenda kaskazini digrii 4 na nusu, yaani uendelee na mwelekeo ule uliokuja nao, ukiupinda kidogo sana mashariki. Kwenye darubini ya kulengea vitu hivi viwili vinaweza kuonekana pamoja, kimoja kila upande.

Unachopaswa kuona: wingu la duara, la kijivu, kubwa kuliko ulivyotegemea. Litazame kwa subira na utagundua limepasuliwa katikati na mkanda mweusi. Mkanda huo ni vumbi la galaksi yenyewe, limesimama mbele ya nyota zake. Hakuna rangi, na hakutakuwa na rangi kwenye galaksi yoyote usiku huu, kwa sababu seli zinazoona nuru hafifu haziijui rangi. Mtu akielewa jambo hili moja, nusu ya kukata tamaa inaisha.

Usipoona mkanda, usiondoke. Hatua inayofuata ni kwa ajili yako.

## Hatua ya 6: Jifunze kutazama kando

Hapa ndipo galaksi hafifu zinaposhindikana au kupatikana. Nakuomba ubaki kwenye hatua hii muda mrefu kuliko zote.

Ukiikodolea galaksi moja kwa moja, nuru yake inaangukia sehemu ya jicho ambayo gizani ni kipofu. Ukiyahamishia macho yako kando kidogo, nuru inaangukia kwenye zile seli za pembeni na galaksi inajitokeza. Ukirudi katikati, inafifia.

Upande wa kuhamia una maana. Kila jicho lina doa lisiloona, upande wa sikio. Kwa hiyo ukitumia jicho la kulia, tazama kulia kwa galaksi ili yenyewe ikae upande wa pua yako. Ukitumia la kushoto, tazama kushoto kwake. Ukikosea upande, galaksi inaweza kumezwa na lile doa, nawe ukaapa kwamba haipo.

Fanya hivi, kwa mpangilio:

Kaa kitini. Misuli ya shingo na mgongo ikikaza, jicho nalo huchoka.

Jifunike kaniki kichwani pamoja na lenzi. Hata pasipo na taa, anga lenyewe lina mwanga unaoingia kwa pembeni. Faida yake ni kubwa kuliko gharama ya kipande cha kitambaa. Ukiona lenzi imeingia ukungu wa pumzi yako, fungua upande mmoja.

Acha jicho la pili wazi chini ya shuka, au lifunike kwa kiganja. Usilifumbe kwa nguvu.

Pumua kawaida, kwa kina. Watu hubana pumzi wakikazana kuona, na jicho linalokosa hewa huanza kuona hafifu.

Tazama ukingo wa duara, huku akili yako ikiwa kwenye galaksi. Tulia hapo. Jicho gizani hukusanya nuru kwa muda. Kitu kilichokuwa hakipo kinaweza kujitokeza baada ya sekunde kadhaa za utulivu.

Bado hakuna? Gonga mrija taratibu kwa kidole. Seli za pembeni ni hodari wa kugundua mwendo, na kijiwingu kinachotikisika huonekana pale ambapo kilichotulia kilijificha.

Mafanikio ni haya: kitu kile kinajitokeza mahali palepale zaidi ya mara moja, hata baada ya kuinua kichwa na kurudi. Kikihama kila unapotazama, ni jicho linajidanganya.

## Hatua ya 7: M104, kabla haijafika utosini

Ifikie kabla ya saa 3 usiku. M104 katika Mashuke hupita karibu juu ya utosi wetu, na kitako cha Dobson kikielekea juu kabisa hukwama: huwezi kukisogeza pembeni bila kukizungusha sana. Ukichelewa, subiri hadi saa 5 ikiwa imeteremka magharibi.

Tafuta Ghurabu, nyota nne zinazounda umbo la tanga, ambazo programu huziandika Corvus. Kutoka nyota yake iitwayo Algorab panda kaskazini, ukiegemea mashariki kidogo, digrii 5 na nusu. Njiani, digrii 1 hivi kabla ya kufika, kuna alama nzuri: pembetatu ndogo ya nyota iliyokaa ndani ya pembetatu kubwa zaidi. Ukiipata, umekaribia.

Unachopaswa kuona: kijiti cha nuru chenye kiini angavu katikati. Weka lenzi ya milimita 10 au 12. Ukingo wa upande wa kusini utaonekana umekatwa ghafla, tofauti na ule wa kaskazini unaofifia polepole. Ukataji huo ndio mkanda wa vumbi. Umbali ni takriban miaka ya nuru milioni 30.

## Hatua ya 8: Kuza, lakini kwa kipimo

Wanaoanza huambiwa galaksi zinataka ukuzaji mdogo tu. Ni kweli kwa kutafuta. Kwa kutazama, si kweli. Darubini haiwezi kukiongezea mng'ao kitu kilichotandaa. Inachoweza ni kukifanya kikubwa. Jicho gizani hushindwa kuona kitu kidogo hafifu, ila kikitanuliwa huanza kukishika. Pia ukikuza, weusi wa anga nyuma yake huongezeka.

Kwa darubini yetu, lenzi ya milimita 25 hukuza mara 48, na ya milimita 12 hukuza mara 100. Hiyo ya pili hutoa mwali wa milimita 2 kuingia jichoni, na kwa galaksi nyingi mwali wa milimita 2 hadi 3 ndio mtamu. Kwa darubini yoyote, gawa urefu wa fokasi kwa kipenyo cha kioo, kisha gawa namba ya lenzi kwa jibu hilo. Ukipata chini ya 1, umezidisha.

Somo hili lijaribu kwenye M83, iliyoko karibu katikati ya nyota Gamma Hydrae na Menkent, kidogo magharibi. Vitabu vinaiandika daraja la 7.5, yaani angavu kuliko M104 yenye daraja la 8. Kwenye lenzi utaona kinyume: M83 imekaa uso kwa uso nasi, nuru yake imetandazwa kwenye duara pana, hivyo inaonekana dhaifu. Ukisoma daraja la mwangaza, soma na ukubwa wa galaksi.

## Hatua ya 9: Tatu za Simba

Geukia kaskazini. Nyuma ya Simba kuna pembetatu ya nyota Denebola, Zosma na Chertan. Katikati ya Chertan na Iota Leonis ndipo palipo na galaksi tatu zilizo ndani ya duara moja la lenzi yako ya milimita 25. Nyota 73 Leonis iliyo magharibi yake kidogo itakuhakikishia njia.

M66 ya daraja la 8.9 na M65 ya daraja la 9.3 zitatokea kwanza, vijiwingu viwili virefu. Ya tatu, NGC 3628, iko kaskazini ya hizo. Iko ubavuni kwetu, ni ndefu na nyembamba, na hapa ndipo mazoezi ya hatua ya 6 yanapolipa. Itafute kwa kutazama kando, shuka kichwani, dakika zisizopungua tano. Inapojitokeza huwa kama mstari wa vumbi la chaki, nawe utashangaa urefu wake.

Usipoiona NGC 3628 ilhali mbili zile ziko wazi, tatizo ni anga au macho, darubini haina lawama. Pumzika dakika kumi bila taa, urudie.

## Hatua ya 10: Mnyororo wa Mashuke

Saa 4 usiku, chora mstari wa kufikirika kutoka Denebola hadi Vindemiatrix, ambayo kwenye ramani ni Epsilon Virginis. Elekeza darubini katikati kabisa ya mstari huo. Utakuta M84 na M86, vijiduara viwili vilivyo karibu. Kutoka hapo kuelekea mashariki na kisha kaskazini galaksi zimepangika kwa upinde, na jina lake ni mnyororo wa Markarian.

Hapa nyota za kuongozea ni chache na galaksi ni nyingi, hivyo usirukeruke. Sogeza darubini nusu duara, tulia, tazama kando, linganisha na ramani, ndipo usogee tena. Ukipotea, rudi M84 na M86 uanze upya; ni rahisi kuliko kubahatisha.

Kusini mashariki kwake kuna M87, duara la nuru lenye kiini kikali. Haina umbo la kuvutia. Mimi huwaonyesha wageni wote, kwa sababu ndani ya kiini hicho ndimo lilimo shimo jeusi ambalo picha yake ya kwanza ilitolewa tarehe 10 Aprili 2019. Nuru unayoiona iliondoka kule zaidi ya miaka milioni 50 iliyopita.

## Hatua ya 11: Chora unachokiona

Kwa kila galaksi chora duara kwenye daftari, weka nyota mbili tatu za karibu, kisha paka kijivu palipo na galaksi. Andika saa, lenzi na hali ya anga. Mchoro hauhitaji kupendeza. Anayechora hulazimika kujiuliza: imerefuka upande gani? Kiini ni nukta au ni utando? Maswali hayo hukufanya ukae kwenye lenzi dakika kumi badala ya moja, na katika dakika ya saba au ya nane ndipo maumbo mengi huanza kujifichua.

## Kufunga darubini, na usiku utakaofuata

Kioo kikiwa na umande usikifute, kwa nguo wala kwa karatasi, utakikwaruza. Kiache wazi ndani ya nyumba kikauke chenyewe, mdomo wa mrija ukitazama chini kidogo, ndipo ufunike. Kifuniko juu ya unyevu huzalisha madoa na kuvu, hasa pwani.

Juni bado galaksi za Mashuke ziko juu mapema jioni, ingawa Simba inakuwa imeshuka magharibi. Baada ya hapo subiri Oktoba na Novemba. Kwa nyanda za kati mvua zinakuwa bado hazijachanganya, na NGC 253 inapita juu: itafute digrii 7 na kitu kusini ya nyota Diphda, kwa lenzi ya milimita 25. Ni ndefu, angavu, yenye madoadoa, na kwa mtu aliyeshika hatua ya 6 haichukui dakika moja kupatikana. Usiku huohuo geukia kaskazini uitazame Andromeda, M31, iliyo umbali wa miaka ya nuru milioni 2.5. Kutoka Dodoma inafika digrii 43 juu ya upeo wa macho, na ni pana kuliko lenzi yako yoyote, hivyo anza nayo kwenye darubini ya kulengea.